Mamba wa Jumapili

Mwanangu wa tatu hakutembea. Alikuwa ameanza kusimama kwa kushika kinu, akapata homa, na homa ilipoondoka iliondoka na miguu. Nilimbeba mgongoni kutoka huku juu mpaka hospitali kule Same. Daktari akamkunja magoti, akamkunjua, akaniambia, "Mama, huyu kamlee hivyo hivyo." Hiyo ndiyo dawa niliyopewa. Nikapanda naye mlima.

Majirani walikuja kunipa pole. Waliuliza anakula nini, wakauliza nitampeleka kwa mganga gani, wakauliza nani atamtunza siku nikifa. Waliuliza mbele yake, maana watu hudhani asiyetembea hasikii. Atacheza nini, hilo hakuliuliza mtu. Mtoto kama yule akishashiba na kufunikwa, watu wanaona kazi imekwisha.

Mimi nilikuwa na watoto wengine, mibuni, ng'ombe wa kukatia majani, na mume aliyekuwa akikata mkonge huko bondeni, ambaye tulimwona Krismasi kama kadi. Mtoto anayekaa nilimpa kazi ya kukaa. Alipukuchua maharage, alichambua mchele tulipoupata, aliosha vyombo. Sikumwonea. Kwetu mtoto akishajua kujibu akiitwa, ana kazi.

Lakini akisikia wenzake wanapiga kelele uwanjani, maharage yanamwagika. Alitambaa kwa mikono, matako yakiburuzika, mpaka huko. Na nguo miaka ile ilikuwa taabu. Duka la ushirika lilikuwa na rafu tupu na mwuza duka anayesinzia. Sabuni tulisikia habari zake. Gauni lake nililishona kwa mfuko wa ule unga wa njano wa msaada, herufi za Kizungu zikamkaa kifuani, na makalio yake yalitoboka kabla ya mikono.

Huko uwanjani walimpa kazi pia. Upande mmoja wa goli waliweka jiwe, upande wa pili wakamweka yeye. Mpira wenyewe ulikuwa matambara yaliyofungwa kwa kamba za mgomba, lakini ukilowa unauma. Ukimpiga usoni wanacheka, "Mwamba! Umegonga mwamba!" Siku moja nilikwenda na fimbo kuwachapa wote. Nikamkuta pua inavuja damu na meno yote yako nje, anacheka.

"Mama usiwachape," akaniambia. "Watanitoa kwenye timu."

Nikarudi na fimbo yangu.

Ile baiskeli ya magurudumu matatu ilikuja wakati huo. Wageni wa kanisa waliileta kwa gari, ikaimbiwa, ikaombewa, mtoto akakalishwa juu akapigwa picha. Ni ya kuendesha kwa mikono. Walikuwa watu wazuri, wametoka kwenye nchi ya tambarare. Huku kwetu ukiweka chungwa mlangoni unalifuata kwa jirani wa chini. Gari lao halijamaliza kona, mtoto alishuka na baiskeli mpaka ndani ya mibuni, akatoka na taya limechubuka. Tangu hapo ilikuwa ya kuku. Walilala juu yake vizuri sana.

Sasa niseme habari ya ndiva, kwa asiyekuwa wa huku. Ndiva ni bwawa. Wazee wetu walilichimba kwenye kiuno cha mlima wakalizungushia ukuta wa udongo na mawe. Maji ya chemchemi yanaingia usiku. Asubuhi mgawa maji anashuka nje ya ukuta, anavuta gogo lililozibwa kwa magome ya migomba, na maji yanatoka kwa nguvu kwenda mferejini, kwenye shamba la mwenye zamu. Kila siku ina watu wake. Jumapili haikuwa na mtu. Jumapili tunasali, gogo haliguswi, na maji yanashinda yamejaa mpaka Jumatatu alfajiri. Basi Jumapili baada ya ibada ndiva ilikuwa ya watoto. Hakuna aliyewapa na hakuna aliyewanyima.

Walimpeleka wenyewe. Walimtia kwenye gunia wakamburuza kwenye majani kama wanavyoburuza kuni. Walitaka kuona kama anazama. Hili alinisimulia mmoja wao akiwa mtu mzima mwenye watoto wake, na aliposimulia alicheka mpaka akashika ubavu. Mkubwa wao alisema, "Asiye na miguu hana uzito, ataelea kama boga." Wakamtupa.

Alizama. Wakachungulia. Kisha mikono ikatokea mbali na pale walipomtupa. Mikono ile ndiyo iliyokuwa miguu yake tangu ile homa, ilikuwa migumu kama mpini, na majini ilimpeleka kokote. Miguu ikamfuata nyuma kama kamba. Alipofika ukutani akakohoa, akatema maji, akasema, "Tena."

Walikuwa na mchezo wa mamba. Mmoja anakuwa mamba, wengine wanamkimbia majini. Akikushika kifundo cha mguu, unatoka unakaa ukutani. Yeye alipokuwa mamba ukuta ulijaa upesi. Anazama, humwoni, halafu unasikia mwenzio anapiga ukelele. Ardhini wale watoto walikuwa wakimruka kama kinyesi cha ng'ombe. Majini walimkimbia kwa hofu ya kweli, na mwisho wakaanza kumgombania wanapogawana pande, kila upande na mamba wake.

"Leo mamba wetu!"

"Jumapili iliyopita si alikuwa wenu? Leo wetu!"

Niliyasikia hayo nikipita juu ya ndiva kwenda kumwona mgonjwa. Nikasimama na kitenge changu kichwani. Watoto walikuwa wanatukanana kwa sababu ya mwanangu, kila upande unamtaka. Nilisimama kidogo, kisha nikaenda kwa mgonjwa, maana mgonjwa hasubiri.

Kuanzia hapo kila Jumapili walimfuata nyumbani.

"Shikamoo mama. Tumekuja kumchukua mamba."

"Marahaba. Ameosha vyombo?"

"Ameosha."

"Mchukueni. Akirudi na kidonda nitawachuna ninyi."

Wanaondoka naye kwenye gunia wakikimbia, naye anapiga kelele wakimbie zaidi. Akirudi ameota vipele vya baridi, midomo myeusi, anakula kama mtu aliyelima. Mchana wa Jumatatu yuko kimya kwenye maharage yake, na Jumanne ananiuliza Jumapili ni lini.

Kisha ikaja ruksa. Wakubwa waliruhusu kila mtu afanye biashara yake, na vitu vikarudi madukani: sabuni, sukari, khanga mpya, redio. Huku juu vilipanda na watu wanaovibeba mgongoni. Mitumba nayo ikaja, ikamwagwa chini sokoni Myamba, tukaikanyaga na kuifukunyua. Nikaona nguo ya bluu, inavutika, haina mikono, haina miguu. Nikamwuliza mwuzaji hii inavaliwa wapi.

"Ya ndani hiyo, bibi. Wazungu wanavaa kukiwa na baridi."

"Baridi gani, na nusu ya mtu iko nje?"

"Basi bibi, nunua ujue mwenyewe."

Nikanunua kwa kuwa haikuwa na makalio ya kutoboka. Mtoto alipoingia nayo majini, mwalimu mmoja aliyekuwa akipita akasema nguo hiyo kazi yake ndiyo hiyo hasa. Nikamwambia mwalimu, hata mimi nilijua. Sikujua.

Ruksa ilileta na tangawizi. Tangawizi ilikuwepo kwenye chai yetu siku zote, lakini sasa malori yalipanda mpaka Myamba kuitafuta, na watu wakang'oa mibuni wakapanda tangawizi mpaka kwenye makaburi. Tangawizi inakunywa maji kama mlevi. Na mgawa maji wetu alikuwa shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, mtu mwenye sauti nzuri kanisani. Yeye ndiye aliyekuwa na shamba kubwa chini ya mfereji. Zamu zake zikawa hazimtoshi. Akaanza kuitazama Jumapili.

Watoto kuwatoa majini si kazi. Unakwenda na fimbo, unapiga maji, wanaruka ukutani na kukimbia na nguo zao mkononi. Wa kwangu hakimbii. Na mtu akiwa ndani gogo halivutwi, maana maji yakitoka yanavuta kila kitu kuelekea tundu. Kila mtoto wa huku anafundishwa hilo, na kila mgawa maji. Kwa hiyo shemeji alisimama ukutani na fimbo yake, na katikati ya ndiva kulikuwa na kichwa kimoja.

"Toka!"

"Siwezi kukimbia, baba mdogo."

"Nimesema toka, sikusema kimbia."

"Leo Jumapili."

"Jumapili ya nani? Tangawizi inajua Jumapili?"

"Inamjua Mungu," akasema yule mtoto, na wenzake waliojificha kwenye migomba wakacheka. Shemeji akatupa jiwe. Halikumpata, akazama, akatokea upande wa pili. Akatupa lingine. Wakashinda hivyo mpaka jua likapinda, na maji hayakufunguliwa. Jumapili ile wenzake walimrudisha nyumbani wakimwimbia.

Shemeji akaitisha mkutano wa ndiva. Tulikaa chini ya ukuta, wenye mashamba wote, na mzee wa ukoo ulioichimba ndiva akakaa juu ya kiti chake. Shemeji akasimama akavua kofia.

"Ndugu zangu, ndiva haijai. Tangu kiwete aanze kuoga humu, ndiva haijai. Mimi sisemi kitu. Nasema haijai tu."

Watu wakageuka kunitazama. Wengine niliwazalisha, na walinitazama hivyo hivyo.

"Haijai kwa sababu unaifungua kabla haijajaa," nikasema. "Tangawizi yako imefika mpaka kwenye kaburi la mama yako. Naye ni kiwete? Ndiye anayemaliza maji?"

"Shemeji, heshima."

"Heshima iko. Jibu."

Akawageukia watu. Alikuwa na lingine mkononi. "Haya, tuache hayo," akasema. "Tufuate desturi. Aliyetoa tope ndiye mwenye ndiva. Watoto wote hawa, tukipiga msaragambo, wanabeba tope na sisi. Wa rika lake wote wanabeba. Yeye amebeba nini?"

Watu wakamtazama mzee. Msaragambo ni kazi yetu ya pamoja: baragumu inalia, kila nyumba inatoka, tunaikausha ndiva na kulitoa tope lililojaa chini. Asiyekuja hana la kusema juu ya maji mwaka mzima. Hata mchungaji hutoka na jembe. Mzee akaitikia kwa kichwa taratibu.

"Hapo amesema kweli," mzee akasema. "Asiyetoa tope hana haki na ndiva."

Wakanyanyuka, wakakung'uta makalio. Waliona imekwisha, na wengi walifurahi, maana hata wao walikuwa na tangawizi.

Nilifika nyumbani nikamwambia mtoto kama ilivyokuwa. Sijawahi kumfunika mtoto maneno. Alisikiliza akiwa na sufuria mapajani.

"Msaragambo ni lini?" akauliza.

"Kabla ya mvua."

"Utanibeba?"

"Nitakubeba."

Baragumu ilipolia tulikwenda. Alikuwa mzito sasa, mabega mapana kama ya mvulana, na njia ile inapanda. Tulipofika juu ya ukuta watu walikuwa wameshaingia, wanawake wamekunja khanga, wanaume wamebaki na bukta.

"Mama fulani, umemleta atupikie?"

"Nimemleta atoe tope."

"Kwa mdomo?"

Nikamshusha ndani. Akazama mpaka kiunoni akakaa. Akavuta karai, akaanza kujaza kwa mikono.

Nimelima maisha yangu yote, najua kazi nikiiona. Mtu wa miguu kwenye tope ana shida: miguu inanasa, anainama, mgongo unamuuma, ananyooka, anasimulia habari za mgongo wake. Yeye hakuwa na pa kuinama. Alikuwa amekaa ndani ya kazi yenyewe. Anakumbatia tope, anatia karaini, anasukuma karai, anavuta lingine. Kabla ya mchana wanawake walikuwa wanampelekea yeye makarai yao, maana kwake hungojei. Hakuna aliyemshukuru. Walisema tu, "Jaza upesi, wewe."

Shemeji alipita na koleo begani.

"Hata chura hukaa kwenye tope," akasema, na watu wakacheka.

"Na chura ndiye mwenye ndiva, baba mdogo," mtoto akajibu bila kuinua kichwa.

Wakacheka zaidi, safari hii kicheko kikamwelekea shemeji. Nilimwona uso. Nilitakiwa kuusoma vizuri zaidi, lakini nilikuwa na karai kichwani.

Jioni tulipomaliza, mzee alipita akikagua chini kwa fimbo yake. Akafika alipokaa mtoto, ameganda tope mpaka kwenye nyusi. Mzee akasema kwa sauti, watu wote wakasikia, "Huyu ametoa tope."

Basi. Kwetu hilo likishasemwa na mzee wa ndiva mbele ya watu, ni sawa na kupigwa muhuri. Mimi nilirudi nyumbani nikijua yameisha. Nimezaliwa kwenye milima hii, nimeona watu wakiibiana ng'ombe, wakirogana, wakikatana mapanga kwa mpaka wa shamba, lakini neno la msaragambo sikuwahi kuona likivunjwa. Na kusema kweli halikuvunjwa.

Ndiva ilijaa kwa mara ya kwanza baada ya kusafishwa, maji ya kijani, marefu. Jumapili wakaja kumchukua. Mimi nilikuwa na kikao cha kina mama kanisani. Shemeji safari hii hakwenda ukutani na fimbo, wala hakupiga kelele. Alishuka moja kwa moja nje ya ukuta kwenye gogo, akalivuta.

Watoto walisikia maji yanaanza kuwavuta miguu. Wenye miguu wakaruka nje. Mwanangu alipiga mikono kwenda mbali na tundu, akapata jiwe la ukutani upande wa juu, akalishika. Alilishika muda wote maji yakishuka, mwili umelala kuelekea tundu kama nguo mtoni. Kisha maji yakapungua, jiwe likawa juu mno, mikono ikachoka, akateleza mpaka katikati. Maji yaliyobaki yakatoka. Akabaki yeye.

Niliitwa. Nilipofika, ukuta ulikuwa umezungukwa na watu wenye nguo za kanisani. Suti, vitenge vya doti, viatu vilivyopakwa rangi. Chini kulikuwa na tope jipya laini lililoletwa na mvua za kwanza, na ndani yake mwanangu na nguo yake ya bluu. Lile tope halikuwa kama la msaragambo, lilikuwa bado uji. Akiegemea mkono, mkono unazama mpaka kwapani. Akiuvuta, mwingine unazama. Hakuna aliyeshuka. Kila mmoja alikuwa anatazama viatu vyake.

Shemeji alipanda juu, anajifuta mikono kwa leso.

"Si alisema chura ndiye mwenye ndiva?" akasema. "Haya, mwenye ndiva huyo."

Wakacheka. Sitasema wote. Lakini sikuona asiyecheka.

Nikamtafuta mzee. Alikuwepo na fimbo yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Si ulisema huyu ametoa tope? Si ulisema mbele ya watu?"

"Nilisema."

"Basi ana haki au hana?"

Mzee akatafuna meno yake. "Ana haki na ndiva," akasema. "Ndiva hiyo hapo, hajatolewa. Maji ni kitu kingine, mama. Maji yana zamu."

Na watu wazima wenye akili, watu wanaojua kusoma Biblia na gazeti, wakaitikia kwa vichwa kwamba mzee amesema vema.

Mtoto akaniona. "Mama!"

"Nimekuona," nikasema. "Njoo."

"Nanasa."

"Lala kifudifudi. Usisimamishe mkono, laza. Njoo."

Mwanamke mmoja akaniambia, "Wewe mama una roho gani? Shuka umbebe." Alikuwa amevaa viatu vya kufungia kamba. Nikamwambia avue ashuke yeye. Akarudi nyuma. Nilikuwa nimeshapima mambo. Kama ningeshuka kumbeba, kesho neno jipya lingekuwa kwamba ndiva si ya wanaobebwa, na mzee angelipatia desturi. Akaja kwa tumbo, kidogo kidogo, kama kinyonga. Akifika mahali laini anazama uso, wanaguna. Akiinuka wanaguna. Wengine walikuwa wanabishana kama atapitia kushoto au kulia. Nikaona kwamba wamepata burudani yao ya Jumapili, na ilikuwa nzuri kuliko mpira.

Alipofika ukutani nilimpa mkono. Hakulia. Alikuwa amejaa tope kinywani.

Siku ya pili yake kamati ya maji, yaani mzee na shemeji na wenzao, ikasema mtoto amenusurika kufa kwenye ndiva na kwamba wao wanajali maisha. Wakazungushia miiba. Mtoto yeyote haruhusiwi kuingia, siku yoyote, kwa usalama wake. Shemeji alisaidia kukata miiba hiyo. Jumapili ikapata zamu kama siku nyingine.

Nyumbani kwao watoto waliambiwa ni kwa sababu ya kiwete. Ni maneno mepesi kumwambia mtoto, na mtoto anayaamini. Jumapili ikafika, wa kwangu amevaa bluu yake, amekaa kwenye gunia tayari. Wakapita njia ya juu. Aliwaita kwa majina. Msichana mmoja aliyekuwa akishikwa kifundo kila wiki na kupiga kelele za furaha ndiye aliyegeuka.

"Umetuharibia ndiva," akamwambia. "Ungetulia kwenu."

Jumapili nyingine akakaa tena kwenye gunia. Ya tatu akakaa. Nikaona sasa inatosha. Nikachukua panga.

Nilimbeba asubuhi, saa ambayo watu wanapita kwenda ibadani, maana sikutaka kufanya kwa kificho. Nikamweka chini, nikakata miiba, nikaisukuma pembeni kwa mguu, nikampitisha. Ndiva ilikuwa imejaa mpaka mdomoni.

"Ingia," nikamwambia.

Akaingia. Nikasimama ukutani juu ya lile gogo na panga langu. Waliokuwa wakienda kanisani wakasimama. Watoto wao wakasimama nao, wamevalishwa soksi, wameshikwa mikono. Nikawaita.

"Njooni! Mamba yuko ndani. Miiba nimetoa mimi, nitasemwa mimi. Njooni!"

Niliwaona walivyotaka. Kuna kivulana kilikuwa kimeshavua kiatu kimoja. Mama yake akakipiga kofi, akakivalisha.

Shemeji akaja anahema, ameshika kitabu cha nyimbo.

"Shemeji, unatafuta kesi?"

"Natafuta mtoto wa kucheza na huyu," nikamjibu. "Unaye?"

Alikuwa nao, wamesimama nyuma yake, wote ni wachezaji wa mamba. Macho yao yalikuwa kwenye maji. Macho yake yalikuwa kwenye panga.

"Kanisani," akawaambia. Wakatangulia.

Wengine nao wakaanza kuondoka, mmoja mmoja, wakivuta watoto. Akabaki shemeji, na mimi, na yeye majini. Alizunguka ndiva yote kwa mikono ile yake, vizuri, hakuna samaki angemshinda. Akazama. Alikaa chini muda mrefu, kama alivyokuwa akifanya wenzake wakimtafuta kwa hofu. Akatokea upande wa pili na mkono umenyooshwa mbele, vidole wazi. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Maji yakatulia.

Akaja polepole mpaka nilipokuwa.

"Mama, nitoe."

"Oga. Maji ni yako leo, hakuna atakayefungua."

"Hakuna wa kumshika."

Nikamwambia azunguke tena. Nikamwambia nimepanda mlima na mgongo wangu kwa ajili yake, basi azunguke. Akashika ukuta, akaegemeza kidevu kwenye mawe.

"Nitoe, mama."

Nikaweka panga chini, nikamvuta kwa makwapa. Nikamfunga mgongoni, maji yakanitiririka mpaka miguuni. Shemeji alingoja tupite kwenye ile miiba. Kisha akaweka kitabu chake cha nyimbo juu ya ukuta, mahali pakavu, akashuka kwenye gogo, kwa kuwa sasa ndani hamkuwa na mtu.